Njiti Arobaini

Ukifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali kwa miaka ishirini na sita, miguu ndiyo inayokupa saa, si ukuta. Miguu ya Njiti ilianza kulalamika saa nane mchana, na ilipofika saa tisa ilikuwa imegoma kabisa, ila mwenyewe alikuwa bado anaiburuta kati ya mashine na meza ya kukunjia. Kazi yake ilikuwa kupokea mashuka machafu kutoka wodini, kuyahesabu, kuyaingiza kwenye mashine, kuyahesabu yakitoka, kisha kuyahesabu tena yakipangwa kwenye toroli la kurudi wodini. Ile hesabu ya tatu hakuna aliyemwagiza.

"Njiti, hayo mashuka hayazaani," wenzake walimtania. "Ya jana ndiyo ya leo, dada. Kaa chini."

Yeye alitabasamu tu, akaendelea kusogeza midomo. Hajawahi kupoteza shuka hata moja, na msimamizi wake alimsifia kwa hilo kila mwaka kwenye kikao, sifa ambazo hazikumwongezea kitu wala kumpunguzia. Wafanyakazi wapya walidhani anaitwa Njiti kwa ajili ya wembamba wake. Wengine walisema labda alizaliwa kabla ya miezi kutimia. Hakuna aliyejua kuwa ni jina la cheo, alilopewa na babake akiwa na miaka minane, ndani ya gari, na kwamba kuna siku alikivunjia heshima cheo hicho na hajajisamehe mpaka leo, akiwa na miaka hamsini na miwili na mvi za kutosha.

Gari lenyewe lilikuwa bado lipo. Lilikaa uani kwao chini ya paa la bati, tairi zimelala chini, rangi ya krimu imepauka hadi kufanana na vumbi. Lilikuwa gari refu, la familia, lenye buti la kumeza mizigo ya watu watano na bado likadai nafasi. Baba aliliita Shangazi. Alisema lilikuwa na tabia za dada yake: linalalamika njia nzima, likipanda mlima linakohoa, likishuka linapiga kelele, lakini hata siku moja halijashindwa kufika. Sentensi hiyo ya mwisho aliacha kuisema baada ya ile siku.

Kila jioni Njiti aliporudi kutoka kazini alimkuta babake ameshajikokota kushuka ngazi hadi uani, amevaa kofia, amekaa kwenye usukani, mikono yote miwili mahali pake.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umechelewa. Shangazi ameshapata moto."

Shangazi hakuwa amepata moto kwa miaka kumi na tisa. Lakini Njiti alikuwa amechoka mno kubishana na mtu wa miaka themanini na moja ambaye kumbukumbu zake zilikuwa zinamtoroka moja moja kupitia mlango wa nyuma. Aliweka mkoba, akajaza chupa ya chai, akaingia siti ya nyuma. Wakakaa humo nusu saa, wakati mwingine saa nzima. Baba aliendesha. Alipiga kona, alilaani malori, alipunguza mwendo kwa ajili ya ng'ombe wasiokuwepo. Kisha alisema, "Haya, tupumzike kidogo," wakanywa chai, wakashuka, na Njiti akaenda kuwasha jiko na kuanza zamu yake ya pili ya siku.

Jumatatu, kaka yake mkubwa alipiga simu kutoka mji anakoishi.

"Jumamosi saa nne asubuhi wanakuja kulichukua."

"Kina nani? Kuchukua nini?"

"Watu wa vyuma chakavu. Gari. Njiti, lile si gari tena, ni banda la kuku lisilo na kuku. Nataka nimjengee Baba chumba pale, chenye bafu lake, asipande ngazi. Au wewe unafurahia kumbeba?"

Hakufurahia kumbeba. Mgongo wake ungeweza kutoa ushahidi. Kaka alikuwa na haki, na kibaya zaidi alikuwa na wema, na mtu mwenye haki na wema pamoja huna pa kumshikia. Njiti akasema sawa, akakata simu, akakaa kitandani akiwa bado na viatu. Wazo lililomjia halikuwa la chumba wala bafu. Aliwaza kwamba kabla gari halijaondoka, na kabla kichwa cha Baba hakijafunga duka kabisa, lazima amwambie.

Na hili la kumwambia lilikuwa hivi.

Baba alikuwa mkaguzi wa mizani. Kazi yake ilikuwa kupita madukani na sokoni na sanduku la mawe ya shaba, kuhakikisha kwamba kilo ya muuza sukari ni kilo kweli. Wafanyabiashara walimwogopa kuliko walivyomwogopa askari. Aliweza kumfungia mtu duka kwa ajili ya gramu ishirini, kisha akarudi nyumbani akala kwa raha. Mtu wa namna hiyo hakusafiri ovyo ovyo. Mara mbili kwa mwaka, shule zikifungwa, aliipeleka familia kwa bibi mzaa mama, na safari hiyo aliiandaa kama mtihani wa serikali. Ndani ya kile kisanduku kilicho mbele ya siti ya abiria aliweka daftari la jalada jeusi ambamo aliandika saa ya kuondoka, saa ya kufika, na mengine ambayo watoto hawakuyajua, kwa sababu kuligusa daftari lile lilikuwa kosa la kuchapwa. Walichojua ni kwamba kulikuwa na rekodi: saa sita na dakika arobaini. Baba aliota kuivunja.

Shida ni kwamba Shangazi alikuwa amekufa macho. Sindano ya geji ya mafuta iliganda kwenye nusu tangu mwaka waliolinunua gari hilo, na mita ya mwendo ilikatika waya, ikawa inaonyesha sifuri hata mkiwa mnapaa. Mtu mwingine angeenda kwa fundi. Mkaguzi wa mizani alibuni kipimo chake. Kando ya barabara ile kulikuwa na nguzo fupi za zege zilizopakwa chokaa, moja kila baada ya kilomita kumi. Tangi likijaa, gari lilikwenda nguzo arobaini. Kwa hiyo zilihesabiwa njiti arobaini ndani ya boksi la kiberiti, akatafutwa mtu wa kukaa siti ya nyuma katikati, aliyeona mbele vizuri, na kila nguzo ikipita ahamishe njiti moja kwenda boksi la pili. Zikibaki tano, apige kelele.

Kaka alijaribiwa kwanza akaonekana mropokaji. Kitinda mimba alikuwa anazitafuna hizo njiti. Kazi ikamwangukia mtoto wa kati.

Hakuna mtu aliyewahi kuajiriwa akafurahi kama yeye. Kaka alikuwa na dirisha lake, mdogo wao alikuwa na dirisha lake, wote wawili waliona milima na mito na watu wakipunga mikono. Njiti hakuona kitu isipokuwa nguzo. Lakini Baba alikuwa akiuliza bila kugeuka, "Njiti, zimebaki ngapi?" naye anajibu, "Ishirini na sita, Baba," na Baba anatikisa kichwa kwa heshima ile ile aliyowapa mawe yake ya shaba. Mama, pale mbele, anageuka na kumkonyeza. Kwa jambo hilo tu mtoto angeweza kuhesabu hadi mwisho wa dunia.

Kisha zikaja habari kwamba Bibi amezidiwa, na Mama aende haraka kama anataka kumkuta.

Waliondoka alfajiri. Baba alitangulia kwenda kujaza mafuta peke yake, akarudi akiwa na haraka, akapiga honi mlangoni. Mama aliingia mbele akiwa na mkoba mmoja na macho mekundu.

"Tangi limejaa," Baba alisema. "Njiti, anza arobaini."

Akaanza arobaini. Ilipita moja, ikapita ya pili. Hakuna aliyeongea garini. Kulikuwa na joto, na Mama alikuwa amekaa wima bila kuegemea, na ukimya ule ulimlemea mtoto wa miaka minane mpaka kope zikawa nzito. Alisinzia. Alipozinduka, shingo inauma na udenda umefika kidevuni, hakujua ni nguzo ngapi zimepita. Hapo alifanya jambo ambalo miaka yote iliyofuata lilimfanya ageuke ubavu kila akilikumbuka: hakusema. Alihamisha njiti moja tu, kimya kimya, akaendelea kama kawaida.

Saa nne na nusu asubuhi Shangazi alikohoa mara mbili, akazima, akajiviringisha hadi pembeni. Pande zote ni nyasi kavu na upepo.

"Njiti," Baba aliuliza, na safari hii aligeuka. "Zimebaki ngapi?"

"Kumi na tisa."

Baba akacheka kidogo, kicheko kifupi cha puani. "Basi karani wetu alilala," akasema. Akachukua dumu kutoka kwenye buti, akaanza kutembea kurudi walikotoka, kwenye kituo cha mafuta walichokipita zamani.

Angempiga ingekuwa nafuu. Hakumpiga, hakumkaripia. Alirudi saa nane na nusu kwa msaada wa lori, shati limemganda mgongoni. Walifika kwa Bibi jua likiwa linashuka. Mama alisikia vilio kabla gari halijasimama, akafungua mlango gari likiwa bado linatembea. Bibi alikuwa amekata roho saa nane. Mama mdogo, aliyekuwa akimwuguza, alisema neno ambalo halikuwa na nia mbaya lakini lingekuwa bora lisisemwe mbele ya watoto: "Tangu asubuhi alikuwa anakuuliza wewe tu, dada. Alikuwa anauliza gari limefika wapi."

Walipoanza safari ya kurudi, Mama alifungua mlango wa nyuma. Akamsogeza kitinda mimba, akakaa dirishani nyuma ya Baba, na tangu siku hiyo hakukaa tena siti ya mbele mpaka alipofariki. Siti ile ikawa ya kikapu na chupa ya chai. Baba hakuuliza. Watoto walidhani anapenda kuwa karibu na mdogo wao. Njiti peke yake alijua, au alidhani anajua: Mama alikaa pale ili amlinde asilale tena.

Kwa hiyo hakulala tena. Si garini tu. Kwenye basi la kazini wenzake walikoroma hadi kituo cha mwisho, yeye macho makavu. Wodini mashuka hayakupotea. Kaka alipohama, mdogo wao alipoolewa mbali, na ikabidi mtu abaki na wazee, hakuna aliyemlazimisha. Kuna mtu mmoja, mwalimu mpole, aliyemsubiri miaka mitatu halafu akachoka kusubiri, na hakuna wa kumlaumu. Njiti aliona ni haki yake kubaki. Alimnyima mama yake nafasi ya kumuaga Bibi, na kitu cha namna hiyo hakilipiki, unakikalia tu. Mara moja tu, Mama akiwa anaumwa ugonjwa wake wa mwisho, alimwambia ghafla, huku akifunikwa blanketi, "Siku ile hukulala sana, mwanangu. Ulilala kidogo tu." Njiti alijua mama anamfariji. Alimfunika vizuri, akatoka nje akalia kwenye beseni la nguo.

Sasa alikuwa na siku tano za kumwambia Baba.

Jumanne alifungua kinywa, na Baba akamwambia anyamaze kwa sababu mbele kuna askari wa barabarani. Wakangoja askari aondoke. Jumatano Baba hakuwa na hamu ya safari. Alishinda akitafuta jiwe lake la shaba la gramu hamsini, ambalo lilikuwa mali ya serikali na alilirudisha siku aliyostaafu. Alhamisi mashine mbili ziliharibika, Njiti akafua mashuka ya wodi nzima kwenye sinki, na alipofika nyumbani alikuwa hana hata nguvu ya kuvua sketi. Alikaa siti ya nyuma akasikiliza malori ya babake yakipita. Ijumaa alijiambia kesho. Ukichoka sana, hata kuungama kunahitaji kuombewa ruhusa.

Jumamosi kulikuwa na baridi. Alivaa sweta la kahawia la mamake lililokuwa limening'inia nyuma ya mlango, akajaza chai, akamsaidia Baba kushuka ngazi moja baada ya nyingine. Ilikuwa saa tatu kasoro. Siti ya nyuma katikati ilikuwa imetoboka, springi inachoma, na siku zote alivumilia. Leo mgongo ulikataa. Akasogea dirishani, nyuma ya dereva.

Baba alirekebisha kioo cha juu. Kilikuwa ndicho kioo pekee ambacho hakijapasuka. Akatazama ndani yake kwa muda mrefu.

"Baba," Njiti alianza, kabla hajaishiwa na ujasiri. "Nina jambo. Ile siku ya Bibi..."

"Mama watoto," Baba alisema. "Bado umenuna?"

Kwenye kioo Njiti aliona anachokiona babake: mvi, sweta la kahawia, mwanamke aliyechoka dirishani.

"Sikulaumu," Baba aliendelea. Macho yalikuwa barabarani, au pale ambapo barabara ingekuwa. "Najua kwa nini ulihamia huko nyuma. Ulijua. Wewe hata usipoambiwa unajua. Lakini nikwambie kwa mdomo wangu, maana safari hii naona ni ndefu. Sikujaza tangi."

Njiti aliinama mbele, karibu na siti yake.

"Nilikwenda alfajiri, nikakuta foleni mpaka barabarani. Nusu saa sijasogea. Nikaona, nusu tangi ninayo, njiani kuna kituo, nitaongeza hapo. Nikageuza. Kufika nyumbani, wewe umesimama mlangoni na mkoba, umelia, unaniuliza 'Umejaza?' Nikasema limejaa. Sijui kwa nini. Neno lilitoka tu." Alipapasa usukani. "Basi kituo kikaja. Nikakiona. Nikisimama, utajua nimekudanganya, na mamako yuko kitandani. Nikasema labda tutafika. Nikakipita, nakitazama kwenye kioo hiki hiki mpaka kikapotea. Mimi! Niliyefungia watu maduka kwa gramu ishirini."

Huko nje mtu alikuwa anafagia. Njiti alisikia kila mfagio ukipita chini. Alisikia kitu kikimpanda, hakikuwa nafuu, kilikuwa hasira, hasira safi kabisa ambayo hakujua anayo, na ilikuwa na umri wa miaka arobaini na minne.

"Na mtoto je?" aliuliza. Sauti ilitoka nzito, karibu iwe ya Mama. "Ulimwambia alilala. Ulicheka."

"Alisinzia kweli. Nguzo mbili hivi. Nilimwona."

"Kwa nini hukumwambia mtoto?"

Baba aliinua bega moja. "Watoto husahau," akasema.

Njiti alifungua mlango akashuka. Alisimama uani, mikono imekumbatia sweta, akaangalia ukuta. Aliwaza mashuka yote aliyoyahesabu mara ya tatu. Akamwaza yule mwalimu mpole. Alimwaza Mama, aliyejua, aliyekaa kimya kando yake miaka yote hiyo kwenye siti ya nyuma, na alichoweza kumpa ni maneno yale tu, ulilala kidogo tu, akayatia masikioni mwa mtu ambaye hakuweza kuyasikia. Alimkasirikia na yeye pia. Halafu akajiambia labda mzee amechanganyikiwa, mbona juzi alikuwa anatafuta jiwe la serikali, labda hata hili amelibuni.

Akazunguka gari, akafungua mlango wa mbele upande wa abiria. Ulilia. Akakiondoa kikapu, akakivuta kile kisanduku mpaka kikafunguka, akatoa daftari la jalada jeusi. Hakuna aliyemkataza. Kurasa zilikuwa zimeshikana, lakini mwandiko wa mkaguzi ulisimama wima vile vile. Aliipata tarehe. Saa ya kuondoka ilikuwepo. Saa ya kufika ilikuwepo. Na katikati, palipoandikwa Mafuta, ambapo safari nyingine zote zilisema Tangi zima, hapo aliandika Nusu. Mdomo wake ulidanganya asubuhi ile, lakini kalamu ilimshinda.

Njiti alikaa. Hakukaa kwa kupanga. Miguu ndiyo iliyokaa. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kukaa kwenye siti ile tangu siku Mama alipoiacha.

"Baba," akasema. "Mimi si Mama watoto. Ni mimi. Njiti."

Mzee aligeuka polepole, shingo na mabega kwa pamoja. Alimtazama kwanza sweta, kisha mikono iliyochubuka kwa sabuni, kisha uso. Kama alikumbuka alichokuwa amekisema, au kama kilikuwa kimeshapita na kupotea nyuma kama kile kituo, Njiti hakujua na hatajua. Lakini macho yalimjaa maji.

"Njiti," akasema. "Umekuja mbele."

"Nimekuja mbele."

Baba alirudisha macho kwenye kioo cha mbele. Kisha, kwa sauti ya zamani, ile ya kumheshimu, akauliza, "Zimebaki ngapi?"

Angeweza kumjibu mengi. Alikuwa nayo tayari mdomoni, na yote yalikuwa ya kweli. Daftari lilikuwa mapajani, limefunguliwa. Lakini alipoyatafuta maneno yale makali alikuta uchovu umekaa mahali pao, uchovu wa miaka yote, na kwa mara ya kwanza akalisema lile ambalo alipaswa kulisema akiwa na udenda kidevuni.

"Sijui, Baba. Nilipitiwa na usingizi. Sikuhesabu."

Akangoja kicheko cha puani. Hakikuja.

"Umechoka," Baba alisema.

"Nimechoka, Baba. Nimechoka sana."

"Lala basi. Mimi niko macho." Akanyoosha mkono wenye mishipa, akalivuta daftari mapajani kwake, akalifunga. "Lala, mwanangu. Tukifika nitakuamsha."

Tuseme ukweli: hakumsamehe. Siku ile hapana, na baadaye ilichukua muda, na kuna siku mpaka leo anaosha vyombo vya mzee kwa kelele nyingi kuliko inavyohitajika. Lakini aliegemeza kichwa kwenye kioo cha mlango. Siti ilikuwa na harufu ya vumbi na, mbali sana, ya chai. Alisikia babake akibadilisha gia, taratibu, asimshtue.

Yaliyofuata alisimuliwa na mkubwa wa wale watu wa vyuma chakavu, jamaa mnene mwenye buti za mpira. Walifika saa nne kamili na lori lao la winchi, vijana watatu na minyororo. Mmoja alikuwa ameshaanza kuburuta mnyororo uani alipomwona mzee mwenye kofia akitoa mkono dirishani, kidole kimoja juu.

"Taratibu," mzee alinong'ona. "Mtoto amelala."

Yule mkubwa aliinama akachungulia upande wa pili. Alimwona mama mzima mwenye mvi, amevaa sweta kubwa, mdomo wazi, anakoroma. Akamtazama mzee. Mzee alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili na hakuondoa macho mbele.

"Mzee, bado mbali?" akauliza, kwa sauti ya chini.

"Bado kidogo."

Jamaa alisema hakujua la kufanya. Aliwapungia vijana wake mkono, wakaweka minyororo chini pole pole, wakakaa kwenye ngazi ya nyumba kumngoja aamke. Walingoja mpaka saa saba.